Herufi ya Tatu Ilikuwa I Kubwa

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: mtoto alikataa kula. Nilikuwa nimeipitia mara tatu nikaiona iko sawa. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, simu mkononi, ncha moja ya waya wa kusikilizia iko sikioni mwake, nyingine amenipa mimi. Simu ikasoma, "Mtoto alikataa kuia." Akairudisha nyuma. Ikasoma vilevile: kuia. Akatelezesha kidole ili imtajie neno hilo herufi baada ya herufi, nayo ikataja k, u, I kubwa, a.

"Dada," akasema, "hapo kwenye l mashine yako imeweka I kubwa."

Nikasogeza uso hadi karibu niguse kioo cha kompyuta. Sikuona tofauti. Katika mwandiko niliokuwa nikiutumia, l ndogo na I kubwa ni kijiti kimoja kilichosimama. Nikabadilisha, nikachukua mwandiko wenye vikonyo juu na chini, na hapo vijiti vikaachana. Nikaiagiza kompyuta itafute zote katika kitabu kizima. Zilikuwa 214. Mwalimu alikuwa amesikiliza sura mbili za watu wanaokuia na kuiima na kuiia, naye hakuwa amelalamika hadi nilipomwomba aje tusikilize pamoja. Alidhani hicho ndicho kiwango, kwamba kitabu cha mtu asiyeona hakina budi kuja kimevunjikavunjika, na shukrani ni kwamba kimekuja. Hilo liliniuma kuliko zile herufi 214.

Nina duka dogo la fotokopi na kupiga chapa hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Kazi yangu ya kila siku ni barua za kuomba kazi, programu za mazishi, mitihani ya shule za jirani. Mwalimu alianza kuja kwangu kama mteja wa kawaida. Anafundisha Kiswahili katika shule ya upili ambako wanafunzi wasioona husoma darasa moja na wanaoona, na yeye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado shule ya msingi. Siku moja akaja na riwaya ndani ya bahasha ya kaki, akauliza kama naweza kuifanya isomeke kwenye simu za wanafunzi wake. Nikamwambia aniachie hadi kesho yake. Niliamini kabisa kuwa ni kazi ya jioni moja, nikamwambia hata pesa sitaki. Ilinichukua wiki sita.

Huku kwetu breli, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, si kitu kigeni. Shule ya wasioona ya Kibos iko hapa kando ya mji, na St. Oda iko Aluor kule Siaya, na si ajabu kumkuta ndani ya matatu mtu aliyesoma mojawapo. Lakini wengi tumeiona breli kwa mbali tu. Ni nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu, alizozipanga kijana Mfaransa, Louis Braille, mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Kwa hizo sita mtu huandika lugha, hesabu na hata muziki. Tatizo lake ni uzito. Karatasi ya breli ni nene, herufi zake ni kubwa na hazipunguziki, kwa hiyo riwaya moja ya kutia mfukoni hugeuka majuzuu kadhaa ya kubebwa kwa mikono miwili. Simu haina uzito huo. Mwalimu, hata hivyo, hataki kusikia mtu akisema sauti imeiua breli. Husema mtoto aliyelelewa na sauti peke yake hajui kama neno lina h au halina. Vidole ndivyo humfundisha tahajia. Uzuri ni kwamba faili moja iliyosahihishwa vizuri hutumika kote: husomwa na sauti, hukuzwa kwa mwenye uoni hafifu, na huweza kupelekwa kwenye mashine ya kuchapa breli. Faili mbovu huharibu zote tatu.

Watu wengi hudhani ukishapiga picha kurasa na kuzifunga kuwa PDF, umemaliza. Mimi nilidhani hivyo. Nilimtumia Mwalimu kurasa 180 safi, zimenyooka, akanipigia simu kuniambia kuwa kitabu ni kimya. Picha ya maandishi si maandishi. Programu inayomsomea mtu skrini ikikutana nayo husema "picha" na kupita, au hainyanyui mdomo kabisa. Lazima programu nyingine iitazame picha hiyo, itambue kila herufi na kuiandika upya, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Kivuli cha katikati ya kitabu humeza herufi za mwanzo wa mistari. Doa la chai huwa nukta. Na programu yangu ilikuwa imewekwa Kiingereza, kwa hiyo kila ilipositasita ilichagua neno la Kiingereza: "soma" likawa "some", "nchi" ikawa "inch". Nilipoibadilisha kuwa Kiswahili, makosa yalipungua sana kwa siku moja. Nilikuwa nimeshayasahihisha kwa mkono kwa wiki mbili.

Kisha kuna ng'. Kile kialama kidogo cha juu ndicho hupotea kwanza, maana kwa mashine kinafanana na uchafu. Anayeona akikuta "ngombe" hurekebisha kichwani na kuendelea. Sauti haina kichwa, husoma kilichopo. Na kuna mahali ambapo hata kichwa hakisaidii: kung'oa ni kitendo, ngoa ni wivu, na katika hadithi ya mapenzi yote mawili hupata nafasi. Nilijifunza kuzipitia ng zote moja moja, nikiwa na kitabu chenyewe mezani. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa nililolifanya kwa makusudi, nikidhani nasaidia. Kila ukurasa wa riwaya ulikuwa na jina la kitabu juu na namba chini. Vikiachwa, sauti huvisoma katikati ya sentensi: alipofika mlangoni, arobaini na saba, akasita. Nikavifuta vyote. Maneno yakatiririka vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikajivunia.

Wiki iliyofuata Mwalimu alimleta mwanafunzi wake mmoja wa kidato cha tatu, msichana mpole anayezungumza taratibu. Nikamuuliza kitabu kikoje. Akasema ni kizuri. Mwalimu akamwambia, "Mwambie ukweli, ndilo lililotuleta." Ndipo akasema, "Anti, darasani tunaambiwa tufungue ukurasa wa arobaini na saba, aya ya pili. Mimi sina ukurasa wa arobaini na saba."

Hakuwa na ukurasa wowote. Nilikuwa nimempa uzi mmoja mrefu usio na fundo. Wenzake wanafungua kitabu, yeye anateleza na kidole akitafuta maneno aliyosikia mwalimu akiyasoma, na anapoyapata darasa limeshahamia kwingine. Na vichwa vya sura nilivyovikoleza wino vikaonekana vizuri machoni mwangu, kwake vilikuwa mistari ya kawaida kama mingine. Wino mzito ni habari ya macho. Ili simu iruke kutoka sura hadi sura, lazima uiambie kompyuta kuwa hiki ni kichwa, kwa ile mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu ya kuandikia, ambayo nilikuwa nimeiona miaka yote bila kujua ni ya nini. Tangu siku hiyo namba za kurasa huziweka kila moja kwenye mstari wake, kati ya aya, na kuzipa ngazi yake ya kichwa, chini ya sura. Vitabu vya mfumo wa DAISY, uliobuniwa kwa ajili ya wasomaji hawa, hubeba alama hizo za kurasa ndani yake. Sikuwa naujua. Ningeanza kwa kuuliza ningeujua, maana Mwalimu alikuwa akiutumia tangu chuoni.

Kitabu cha pili kilikuwa diwani ya mashairi, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sijawahi kusikia mtu mwingine akilieleza jambo hili.

Shairi la tarbia, lenye mishororo minne katika kila ubeti, huchapwa kila mshororo ukiwa na vipande viwili, ukwapi na utao, na mara nyingi mchapishaji huacha nafasi nyeupe katikati ili vipande vipangike. Jicho letu halibabaiki. Mashine huiona nafasi hiyo na kufikiri ni safu mbili za gazeti. Basi husoma safu ya kushoto yote hadi chini, kisha hupanda juu na kusoma ya kulia. Shairi lenyewe si langu kulinukuu, kwa hiyo nitatoa mishororo miwili niliyoitunga mwenyewe:

Mvua yaja ngurumo, ziwani mawimbi yaja,
Wavuvi washike somo, ufuoni wakingoja.

Mashine ingeyaandika hivi:

Mvua yaja ngurumo,
Wavuvi washike somo,
Ziwani mawimbi yaja,
Ufuoni wakingoja.

Tazama jinsi lilivyo kosa la hatari. Vina vimekaa pamoja, mo na mo, ja na ja. Mizani ni minane kila mstari. Hata maana haijafa. Nilizipitia kurasa zile nikisahihisha herufi, na kwa kuwa herufi zilikuwa sahihi, sikushtuka. Yule msichana akapewa swali la umbo la shairi. Akahesabu kwa uangalifu, akajibu kuwa kila ubeti una mishororo minane na kila mshororo una kipande kimoja, kama utenzi. Akaandikiwa kosa. Alipobisha kwamba ndivyo alivyolisikia, wenzake waliokuwa na kitabu cha chapa mbele yao hawakumwelewa. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa shairi nililompa mimi.

Mwalimu ndiye aliyegundua, na aligundua kwa vidole. Alikuwa analikumbuka shairi hilo kwa moyo. Akaketi dukani akilisikiliza huku akigonga mizani mezani, nane, akatua, akangoja utao uje, ukaja ukwapi wa mshororo wa pili. Akagonga tena. Akatabasamu kwa huzuni, akasema, "Wamelipasua katikati kama samaki wa kukausha."

Sasa mashairi huyaandika upya kwa mkono, kila mshororo peke yake, koma kati ya vipande, bila nafasi za kupamba. Sauti hutua kwenye koma. Ubeti mpya huutenga kwa mstari mtupu. Ni kazi ya polepole na siijutii hata dakika moja yake, kwa sababu shairi ni sauti kabla ya kuwa wino, na aibu iliyoje kama msomaji anayelipata kwa sikio ndiye apewe lililovurugwa.

Picha na michoro ilinifunza somo hilohilo kwa njia nyingine. Katika kitabu kimoja cha jiografia kulikuwa na ramani, nami nikaandika: "Ramani inayoonyesha mito inayoingia Ziwa Victoria upande wa Kenya." Nikaona nimetimiza. Mwalimu akauliza, "Mito ipi? Upi uko kaskazini ya upi?" Nikaandika upya kana kwamba natembea ufuoni kutoka mpaka wa Uganda: kwanza Sio, kisha Nzoia, kisha Yala, ukizunguka Ghuba ya Winam, kusini-mashariki ya Kisumu, unakutana na Nyando, ukiteremka kusini, Sondu Miriu, halafu Kuja. Sentensi mbili tatu, na ramani ikaingia kichwani. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa hapa, ndipo nilipoishika vizuri mito hiyo kwa mpangilio wake.

Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nimejifunza kuogopa makosa, na hofu hiyo ikanipeleka kwenye jambo ambalo bado linanikaba. Mtahiniwa mmoja wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, aliihitaji tamthilia kwa ajili ya Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi. Niliahidi Septemba. Septemba ilipofika nilikuwa nimemaliza, lakini nilitaka niipitie mara moja zaidi. Kisha mara nyingine. Stima zikapotea siku tatu, wateja wa programu za mazishi wakafuatana, nami nikawa narudi usiku kuhamisha koma. Nilipompelekea, karatasi ilikuwa imeshafanywa siku mbili nyuma. Rafiki yake alikuwa amemsomea kurasa alizoweza, jioni, baada ya masomo ya ziada.

Hakunilaumu. Alisema, "Anti, ungenipa tu na makosa yake. Ningekuuliza palipokuwa hapaeleweki."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Nilikuwa nimeamua peke yangu, bila kumuuliza, kwamba anahitaji kitabu kisicho na doa kuliko anavyohitaji kitabu. Tangu hapo sura hutoka kila Ijumaa, hata kama nne zinazofuata hazijaguswa, na mwanzoni mwa kila sura naandika kilichohakikiwa na kisichohakikiwa. Wasomaji wenyewe ndio hunipangia kazi. Jina la mhusika likiharibika hunitumia ujumbe siku hiyohiyo, kwa sababu wahusika wawili huwa watatu. Koma iliyokosekana huivumilia. Maneno ya mhusika mmoja yakishikamana na ya mwenzake katika tamthilia hawavumilii hata kidogo, na wana haki. Mimi nisingeweza kuipanga orodha hiyo kwa kichwa changu.

Wasaidizi wamekuja na kuondoka. Vijana wa kanisa walikuja kumi na wawili Jumamosi ya kwanza, Jumamosi ya nne akabaki mmoja, na siwalaumu, kusahihisha ukurasa wa 112 hakuna msisimko. Anayenisaidia hadi leo ni mzee mmoja, karani mstaafu. Tumebuni njia yetu: yeye hushika kitabu cha chapa na kufuata kwa kidole, mimi naiacha sauti ya kompyuta isome faili, na anapoona kilichosomwa si kilichoandikwa anagonga meza. Kurasa ishirini kwa saa moja tukiwa hatuna wateja. Macho yake yameanza ukungu. Aliniambia hilo mara moja tu, na sikuliuliza tena.

Niliogopa pia sheria. Kitabu ni jasho la mtu, na duka la fotokopi halina sifa nzuri kwa waandishi. Mwalimu ndiye aliyenieleza Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kufanya kazi Septemba 2016. Kenya ilijiunga 2017, na Sheria ya Hakimiliki ikarekebishwa 2019. Mkataba huo huruhusu vitabu kugeuzwa kwa ajili ya asiyeweza kusoma chapa, na huyo msomaji au anayemsaidia anaweza kujitengenezea nakala ya matumizi yake. Ruhusa hiyo ni ya wasomaji hao tu. Mzazi mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, aliposikia ninazo faili aliomba moja ya mwanawe anayeona, apunguze gharama za vitabu. Nilikataa. Alikasirika, akahamia duka la pili. Ningekubali, ningekuwa nimeuchukua mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wasioona nikaupitishia wizi, na ungefungwa siku yoyote.

Jumanne iliyopita nilikuwa nafunga hesabu za siku simu ikalia. Ni yule msichana wa diwani, siku hizi yuko chuoni, na huwa anajitolea kuzisikiliza sura kabla hazijaenda kwa wanafunzi wapya. "Anti, nimeruka kutoka ukurasa wa sitini na mbili nikatua sitini na tano. Sitini na tatu iko wapi?"

Nikafungua picha za skana. Karatasi moja ilikuwa imegandamana na nyingine, ikapita bila kupigwa. Karatasi moja, kurasa mbili. Maneno ya mwisho ya ukurasa wa 62 na ya mwanzo wa 65 yalikuwa yameungana vizuri sana hivi kwamba mzee hakugonga meza, maana naye alikuwa amefungua zote mbili kwa pamoja. Kitabu chenyewe nilishakirudisha kwa mwenyewe, ng'ambo ya Kondele. Nikamwambia, "Nipe saa moja," nikateremsha shata, nikasimamisha tuktuk.